Picha ya mbele, habari ya ndani: wiki mbili za SACCOS moja na ukurasa wa gazeti

Kisa hiki nilikiona kwa macho, kwa sababu niliitwa kushauri kikiwa kimeshaharibika nusu. Jina la chama, mkoa, gazeti na watu wote nimeliacha nje, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mfuatano wa mambo nimeuacha ulivyokuwa, pamoja na makosa yangu mwenyewe.

Chama na mazoea yake

Ni SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, ya mkoa mmoja wa bara, Tanzania. Ilianzishwa na walimu, wakaja wauguzi, wakafuata wafanyabiashara wa sokoni na wakulima wanaouza kwa msimu. Makao makuu yako mjini, matawi yako wilayani. Ukutani kuna leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na hesabu za mwaka hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, kama za vyama vingine.

Asiyejua SACCOS inavyofanya kazi hawezi kuelewa kwa nini uvumi unaiua haraka. Mwanachama ana hisa, ana akiba, na baadhi wana amana. Amana unaichukua unapoitaka, kwa masharti yake. Akiba ndiyo dhamana ya mikopo, na kwa kawaida huitoi mpaka ujitoe uanachama. Kwa hiyo mwanachama mwenye hofu haishii kupanga foleni dirishani, anaandika barua ya kujitoa. Na fedha anazozidai hazimo kwenye sefu. Ziko kwa mwalimu mwenzake aliyekopa kumalizia bati za nyumba. Chama kinaweza kuwa kizima kabisa katika vitabu na bado kishindwe kuwalipa watu mia mbili wanaofika asubuhi moja.

Kumbukumbu za watu nazo zilikuwa mbichi. Wapo waliopoteza fedha zao DECI mwaka 2009, ule mchezo wa "kupanda mbegu" na kusubiri mavuno ambayo hayakuja. Na Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa mitaji kutotosha, zikiwemo benki za wananchi za Njombe na Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Mtu aliyeishi hayo yote hahitaji kushawishiwa sana ili aamini kwamba fedha zake zimeliwa.

Mawasiliano ya chama yalikuwa mikononi mwa kijana mmoja aliyesomea uhusiano wa umma, ambaye pia alisimamia uchapaji wa kalenda na fulana. Alikuwa na orodha ya waandishi wa mkoa. Mara tatu kwa mwaka waliitwa: mkutano mkuu, Siku ya Ushirika mwezi Julai, na siku chama kinapokabidhi madawati shuleni. Wanakaa viti vya mbele, wanasaini karatasi ya nauli, kesho yake habari inatoka. Kijana anaikata, anaibandika kwenye karatasi nyeupe, anaiweka kwenye faili. Mwisho wa mwaka bodi inaonyeshwa faili limenona.

Wajumbe wa bodi walikuwa watu wazima waliokulia enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nchi nzima kimya. Hata baada ya Radio One na ITV kuanza mwaka 1994, picha vichwani mwao haikubadilika sana: chombo kinasema, watu wanasikia. Kwao habari iliyotoka ilikuwa habari iliyofika. Hawakuwa wajinga. Kwa sehemu kubwa ya maisha yao jambo hilo lilikuwa kweli.

Siku kwa siku

Jumatatu, kabla jua halijatoka, picha za kurasa za mbele za magazeti zilianza kupita kwenye makundi ya WhatsApp kama zinavyopita kila siku. Kwenye gazeti moja, chini ya habari kubwa ya siasa, palikuwa na kichwa cha pili kilichosema mamilioni ya wanachama wa SACCOS yametoweka. Pembeni yake, picha ya jengo la chama hiki. Jina la chama halikuandikwa, ila jengo lile mjini hakuna asiyelijua. Chini kabisa: Habari uk. 4.

Ukurasa wa nne ulikuwa na habari nyingine kabisa. Wakaguzi walikuta upungufu katika chama cha wilaya jirani, na viongozi wake walikuwa wanahojiwa. Chama chetu kilitajwa mara moja, karibu na mwisho, kama mfano wa vyama ambavyo hesabu zake zilikutwa safi. Picha ilitolewa maktaba ya gazeti. Ilipigwa siku ya kukabidhi madawati, na mpigapicha aliitwa na chama chenyewe, akalipwa nauli.

Saa moja asubuhi mtangazaji wa redio ya mkoa alikuwa anapitia magazeti. Alisoma kichwa kama kilivyo, akaguna, "Wanachama kazi mnayo," akaweka wimbo. Hakusema ni chama gani, na mjini hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Saa mbili watu walikuwa mlangoni. Saa nne picha ya watu walio mlangoni ilikuwa nayo imeingia kwenye makundi, na sasa foleni ikawa ndiyo ushahidi. Aliyekuwa na shaka asubuhi, mchana aliiona foleni akafunga duka akaja.

Bodi ilikutana mchana. Mwenyekiti alisema sentensi moja iliyoongoza siku mbili zilizofuata: "Gazeti limetuchafua, gazeti litusafishe." Mwanasheria aliandika barua kwa mhariri, siku saba, marekebisho yatoke ukurasa wa mbele kwa ukubwa uleule. Waandishi wakaitwa Jumanne.

Jumanne mkutano ulifanyika. Ulikuwa mzuri kwa vigezo vya zamani: meza yenye kitambaa, maji ya chupa, waandishi wengi kuliko walioalikwa. Iligawiwa taarifa kwa umma ya kurasa mbili, ikatumwa pia kama PDF kwenye kundi la waandishi. Kichwa chake, kwa herufi kubwa na kwa wino mzito, kilikuwa hiki: YAH: TUHUMA ZA UPOTEVU WA FEDHA ZA WANACHAMA. Ukurasa wa kwanza ulianza na historia ya chama, ukaeleza tuhuma kwa urefu. Neno "si kweli" lilikuwa ukurasa wa pili.

Unaweza kukisia kilichofuata. Mtu alipiga picha ukurasa wa kwanza peke yake, wenye nembo ya chama, akaituma na maneno mawili: "Wenyewe wamekiri." Kufikia jioni ukurasa ule ulikuwa umesafiri mbali kuliko gazeti.

Mimi nilipigiwa simu Jumanne usiku.

Jumatano magazeti mawili yaliandika habari ya mkutano, kurasa za ndani. Runinga moja iliionyesha kwa muda mfupi usiku. Foleni iliongezeka. Meneja alinitazama kama mganga aliyechelewa. Nikamwomba yule afisa uhusiano aache simu za waandishi kwa saa mbili, ashuke kwenye foleni na daftari, amuulize kila mtu swali moja kwa adabu: "Samahani mzee, samahani mama, hii habari umeipata wapi?"

Alirudi na kurasa kadhaa. Wengi walisema kundi la WhatsApp: la walimu wa kata, la wazazi wa darasa, la kikoba, la kwaya, la bodaboda wa kijiwe fulani. Baadhi walisikia redioni asubuhi wakiwa jikoni. Wengine waliambiwa na mtu aliyekuwa kwenye kundi. Wawili watatu waliiona Instagram, kwenye ukurasa wa gazeti lenyewe. Katika wote aliowauliza, aliyekuwa amelishika gazeti lile mkononi alikuwa mmoja tu. Alikuwa muuza magazeti wa stendi, naye ni mwanachama.

Huyo muuza magazeti ndiye pekee aliyeisoma habari ya ndani. Alikuja kwenye foleni hata hivyo. Alipoulizwa kwa nini, alijibu: "Najua si nyinyi. Lakini hawa wote wakitoa hela zao, yangu itabaki?" Katika wiki zile mbili sikusikia maelezo bora zaidi ya tatizo letu.

Jumatano hiyohiyo jioni mweka hazina, mwalimu mstaafu ambaye nusu ya mji alimfundisha darasa la tatu, alirekodi voisi kwa kikoba chake. Hakuomba ruhusa ya mtu. Ilikuwa chini ya dakika moja na nusu. Alijitaja, akasema leo ni Jumatano ya tarehe fulani, akasema leo tumelipa watu mpaka saa kumi, picha ile ya gazeti ni jengo letu lakini habari si yetu, mwenye gazeti afungue ukurasa wa nne asome. Akamalizia kwa kuwakumbusha wanakikoba kwamba Jumamosi ni zamu ya mama fulani kupokea wageni. Kumbukizo hilo ndilo lililoifanya sauti iaminike, maana hakuna anayetunga uongo halafu akakumbusha zamu ya chai.

Alhamisi asubuhi watu waliokuja walikuwa wameisikia. Baadhi walikuja kuuliza tu, hawakuja kutoa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza uliozua ubishi ulimhusu mweka hazina mwenyewe. Wajumbe wawili walitaka apewe onyo kwa kuzungumza bila idhini. Msemaji wa chama kikatiba ni mwenyekiti. Nilipendekeza kinyume: sauti yake iwe njia rasmi, na aongezewe wenzake kutoka kila tawi, watu wanaojulikana kwa sauti. Sababu niliyoitoa ni kwamba ukurasa wenye nembo ulikuwa umeshageuzwa kuwa ushahidi dhidi yetu, lakini sauti ya Mwalimu haiwezi kukatwa nusu ukabaki na maana ya kinyume kirahisi hivyo. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande. Alisema, "Sawa, lakini nisisikie habari za chai."

Kila sauti ilipewa sharti moja tu: ianze kwa siku na tarehe. Voisi ikishatumwa mara kadhaa haina umri. Mtu anaweza kuipata wiki tatu baadaye akadhani ni ya leo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa picha. Tulichukua ukurasa wa mbele, tukauweka upande mmoja, upande wa pili ile aya ya ukurasa wa nne, imezungushiwa kalamu nyekundu kwa mkono, na maneno machache chini: "Picha ni yetu. Habari si yetu. Soma hapa." Msanifu alitaka kutengeneza bango zuri lenye rangi za chama. Nilikataa. Kitu kinachofanana na tangazo watu hukipita, na kalamu nyekundu ya mkono inaonekana kama mtu fulani amekaa akaisoma habari kwa niaba yako. Pia hatukutuma kiungo cha tovuti wala PDF. Wanachama wengi hununua bando dogo, wengine la WhatsApp peke yake. Kiungo hakifunguki au kinakula salio. Picha inafunguka yenyewe.

Uamuzi wa tatu ulihusu maadmini wa makundi. Afisa uhusiano alikuwa na orodha ya waandishi, hakuwa na orodha ya maadmini. Tuliitengeneza kutokana na daftari la foleni. Kila mmoja alipigiwa simu au kufuatwa, akaombwa, hakuamriwa. Wengi walikubali. Mmoja wa kundi la wazazi alikataa, akasema kundi lake ni la masomo na hataki biashara. Tulimwacha. Siku mbili baadaye mzazi mmoja aliiweka mwenyewe.

Uamuzi wa nne ulikuwa kwenda kwa mwandishi wa mkoani aliyeandika habari. Tulimkuta kijiweni pake, amekasirika kuliko sisi. Hakuchagua picha, hakuandika kichwa. Vyote vilifanyika Dar es Salaam usiku, na watu wasiolijua jengo. Habari yake ilikuwa sahihi mstari kwa mstari. Yeye ndiye aliyetuambia tusihangaike na ukurasa wa mbele wa karatasi, tuombe marekebisho kwenye ukurasa wa Instagram wa gazeti, palepale picha ilipowekwa, kwa sababu huko ndiko ilikochotwa kwenda kwenye makundi. Ushauri wa dhahabu. Ila tulipompigia mhariri, alituambia kwa upole kwamba baada ya barua ya mwanasheria suala lilikuwa limehamia kwa mawakili wao, na hana ruhusa ya kulizungumza.

Uamuzi wa tano ulikuwa wa kukataa. Mwenye ukurasa mmoja maarufu mtandaoni, aliyekuwa ameweka picha ya foleni, alitaka alipwe ili aiondoe. Mhasibu alikuwa tayari. Tulikataa kwa sababu ya kawaida tu: ukimlipa mmoja, Ijumaa watakuwa sita. Mjumbe mwingine alitaka tumshtaki kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Tuliliacha hilo pia. Foleni ilikuwepo kweli, na picha ya kweli huwezi kuiita uzushi.

Wa sita, redio. Mwanzo wazo lilikuwa kununua tangazo. Tukaomba badala yake nafasi katika kipindi cha jioni cha redio ya jamii, chenye simu za wasikilizaji, Jumamosi. Meneja aliogopa simu. Alikuwa na haki ya kuogopa. Mpigaji wa pili alimuuliza mbona amejenga nyumba ya ghorofa. Alijibu kwamba ni mkopo, umetoka hapohapo kwenye chama, marejesho yanakatwa kwenye mshahara wake, na bado ana miaka minne. Alitoa kiasi cha makato. Ukimya uliofuata studioni ulikuwa na thamani kuliko taarifa kumi kwa umma. Afisa uhusiano alikikata kipande hicho, akakituma kama sauti usiku uleule.

Tulipokosea tena

Ijumaa mwenyekiti wa tawi moja, akiwa na nia njema, alirekodi voisi yake akasema kila anayetaka fedha zake zote atalipwa leo. Hakuwa ameuliza mtu. Tawi lile lilikuwa na fedha za amana za kawaida, halikuwa na fedha za akiba za watu kujitoa, na taratibu za kujitoa haziishi kwa siku moja. Saa sita fedha ziliisha. Saa saba kulikuwa na video ya mama mmoja akiirudia ahadi ile neno kwa neno mbele ya dirisha lililofungwa.

Hili nilijitwika mimi. Nilikuwa nimesisitiza watu wazungumze kwa lugha yao na nimeweka sharti la tarehe tu. Sikuweka sharti la pili lililokuwa wazi kabisa: usiahidi fedha. Jioni hiyo mwenyekiti wa tawi alirekodi nyingine, akasema "asubuhi nilikosea," akaeleza tofauti ya amana na akiba kwa mfano wa gunia la mahindi ambalo nusu yake umemkopesha jirani. Mfano ulikuwa mzuri. Lakini hofu iliyopoa Alhamisi iliwaka upya katika wilaya ile, na kulikuwa na watu waliosikia voisi ya kwanza bila kuipata ya pili.

Matokeo

Wiki ya pili afisa ushirika alikuja, akakaa na vitabu, akasema mbele ya simu kwa sentensi chache kwamba chama kina leseni hai na hesabu zake ziko wazi kwa mwanachama yeyote. Kipande hicho hakikusambaa kwa kasi ya voisi ya Mwalimu, ila ndicho walimu wakuu walichokihitaji ili kuwatuliza walimu wao. Foleni ilipungua mpaka ikawa ya kawaida ya mwisho wa mwezi.

Waliokuwa wameandika barua za kujitoa, sehemu kubwa walizifuata wakazichukua. Wengine waliondoka, hasa vijana wenye akiba ndogo ambao hawakuwa na mkopo wa kuwafunga. Mikopo mipya ilisimamishwa kwa wiki kadhaa ili fedha zirudi, na hapo ndipo hasara halisi ilipokuwa: mkulima aliyetaka mbolea kwa wakati hakuipata. Yeye hakuwa kwenye foleni wala kwenye kundi lolote.

Marekebisho ya gazeti yalitoka. Ukurasa wa ndani, kisanduku kidogo, siku ambayo dirishani hapakuwa na mtu. Kijana wa uhusiano aliyakata akayaweka kwenye faili. Sikumzuia.

Uchambuzi

Wengi wakisikia kisa hiki husema gazeti limekufa. Sikubaliani nao. Gazeti ndilo lililoiangusha karibu SACCOS nzima. Kitu kilichokufa hakina nguvu hiyo. Kilichotokea ni kwamba gazeti limegawanyika. Ukurasa wa mbele umejitenga na kurasa za ndani, umekuwa chombo chake peke yake, kinachotoka alfajiri, bila bei, kikisomwa na watu ambao hawatalinunua gazeti lile hata kwa bahati. Kinabeba heshima yote ya gazeti bila maelezo yake yoyote. Redio inayopitia vichwa asubuhi inakiongezea sauti. Kurasa za ndani zimebaki kwa ofisi, wanasheria, na muuza magazeti wa stendi.

Ukilitazama hivyo, kosa la bodi linaeleweka vizuri zaidi. Waliomba marekebisho kwa chombo sahihi, kwenye sehemu yake ambayo watu wao hawaifiki. Hata kama mhariri angekubali siku ileile kuandika habari ndefu ukurasa wa tano, isingeingia kwenye picha ya alfajiri. Kazi ya kuhusiana na vyombo vya habari ilipimwa kwa kuhesabu vilivyotoka, wakati swali lilikuwa kitu kimefika kwa mwanachama katika umbo gani. Tuhuma ilifika kama picha. Jibu lilitumwa kama barua.

Taarifa kwa umma ya Jumanne ni somo lake lenyewe. Mtindo wa kiofisi wa kuanza na YAH na kurudia shutuma kabla ya kuikanusha ulifaa wakati msomaji alipokea karatasi zote mbili zikiwa zimebanwa pamoja. Leo kila ukurasa utasafiri peke yake, na kila aya inaweza kukatwa. Ukurasa usioweza kusimama peke yake bila kukudhuru usiuandike. Nawaambia hivi maafisa uhusiano na wengi hunijibu kwamba bosi hatakubali barua isiyo na YAH. Basi weka kwenye YAH jibu lenyewe.

Kuhusu masharti ya WhatsApp. Tangu Januari 2019 ujumbe unasambazwa kwa watu au makundi yasiyozidi matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi unakwenda kwa mmoja mmoja. Nilidhani hilo lingetusaidia kidogo. Halikusaidia, kwa sababu watu hawakuwa wanasambaza faili moja. Kila mmoja alipiga skrini shoti yake au alichukua picha kutoka Instagram, na hesabu ikaanza upya. Upande wetu, voisi ya Mwalimu ilikumbana na masharti hayo, maana sauti huwezi kuipiga skrini shoti. Ndiyo maana tulihitaji sauti nyingi za watu wengi, na ndiyo maana tulikubali hatari iliyotupata Ijumaa.

Kuhusu waandishi, nadhani hapa ndipo chama kilipoteza zaidi bila kujua. Kwa miaka kilikuwa na mahusiano ya nauli na mwandishi wa mkoani, hakikuwa na mahusiano yoyote na msanifu kurasa au anayeendesha kurasa za mtandaoni za gazeti, ambao sasa ndio wanaoamua mwanachama ataona nini saa kumi na moja alfajiri. Na barua ya mwanasheria ilikuwa na haki yote kisheria. Ilikuja tu kabla ya simu, ikaufunga mlango ambao simu ingeufungua. Ningekuwepo Jumatatu ningeomba isubiri saa ishirini na nne. Huenda mhariri angekataa vilevile, sijidanganyi.

Kitu kimoja sitaki kukisifia kupita kiasi: sauti za watu wanaoaminika. Zilifanya kazi kwa sababu chama kilikuwa safi. Mwalimu angekuwa anasema uongo, sauti yake ingefanya kazi vilevile siku ya Alhamisi, na DECI nayo ilienea kwa watu wanaoaminiana. Njia inayompita mwandishi inampita pia mtu ambaye kazi yake ni kuuliza. Katika kisa hiki aliyeuliza alikuwa mpigaji simu wa redio ya jamii, na nyumba ya ghorofa.

Baada ya hapo

Afisa uhusiano sasa huamka mapema, anaangalia kurasa za mbele kabla ya kupiga mswaki, na ana orodha ya maadmini aliyoigawa kwa kata. Kila mwezi Mwalimu anarekodi voisi ya dakika moja: tarehe, waliolipwa, waliokopa, lini mkutano. Picha za jengo chama hakiziruhusu tena zipigwe bila bango lenye jina na mwaka.

Mwaka uliofuata, katika msimu wa ada za shule, ukurasa ule wa gazeti ulirudi kwenye kundi moja la wazazi kana kwamba ni wa asubuhi hiyo. Mwanachama mmoja alijibu ndani ya dakika chache kwa ile picha ya kalamu nyekundu, bila kuombwa na mtu. Dakika chache baadaye mwingine akaituma tena kwingine, akiwa ameukata upande wa kulia ili itoshee kwenye stetasi. Kalamu nyekundu ilikuwa upande wa kulia. Mwalimu alikuwa shambani. Walimpigia, akatafuta mahali penye mtandao, akarekodi tena, akianza na tarehe.